Msafiri wa Jumapili

Nilipokuwa mdogo, kila mgeni aliyeingia nyumbani kwetu Sib, pembezoni mwa Muskat, aliambiwa kwamba mimi ni mgonjwa. Mgeni akishakaa, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, mama alimuwahi kabla hajafungua kinywa: "Huyu hali, masikini. Usiku kucha kikohozi." Na mimi niko pale pale sakafuni, mbele yangu sahani ya pilau ambayo watu wazima wawili wangeshiba, natafuna. Sikuwa na kikohozi. Nilikuwa na mapaja kama magunia ya mchele na mashavu yaliyokaribia kuyameza macho. Lakini kwa ulimi wa mama nilikuwa mahututi, na wageni walinipa pole, nami nilipokea nikiwa nimejaza mdomo.

Ukizaliwa katika nyumba kama yetu, nyumba za watu waliotoka Unguja wakaja Muskat na masanduku yao, mapishi yao na hofu zao, huhitaji kuelezwa. Mtoto mwenye mwili hasifiwi. Jicho lipo, na jicho halichagui adui na rafiki. Hata mama mzazi anaweza kumdhuru mwanawe akimtazama, akapendezwa naye, akasahau kusema mashaallah. Kwa hiyo mtoto mzuri huitwa mbaya, mnene huambiwa amekonda, na anayefaulu shule husemwa kuwa anajikongoja tu. Hayo niliyajua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Tulikuwa tukiyacheka mimi na dada yangu. Mpaka leo najiuliza niliyasahau vipi.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano serikali ilipompeleka baba Marekani kikazi, nasi tukamfuata. Wiki ya kwanza shuleni, mwanamume mwenye filimbi shingoni alinisimamisha ukumbini, akanizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe siku ya kuamkia Idi, akaniuliza kama nimewahi kucheza mpira. Nikamwambia ndiyo, golikipa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mpira aliokuwa akiusema ni mwingine: una ncha mbili kama kokwa ya tende, unashikwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu kwa sababu kugongana ndiko mchezo wenyewe. Kisha akarudi nyuma hatua mbili akanitazama tena, akasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia kwamba hajaona kijana mwenye mwili kama huu. Alikuwa mtu wa kwanza maishani mwangu kuusifu mwili wangu mbele ya watu. Niligeuka nyuma, nikimtafuta mama aje aseme nina kikohozi.

Nilipewa nafasi ya katikati ya ulinzi. Nitaieleza mara moja, nisije nikawachosha. Timu moja ina mpira na inataka kusonga mbele, nyingine inaizuia. Mimi nilisimama katikati kabisa ya hao wanaozuia, uso kwa uso na watu wawili wakubwa kama mimi ambao kazi yao ni kuniondoa njiani. Mpira siukamati, sikimbii nao, sifungi chochote. Nawang'ang'ania wale wawili, nawabeba, ili mwenzangu aliye nyuma yangu apate upenyo wa kupita akamwangushe mwenye mpira. Yeye atashangiliwa. Mimi nitainuka na majani mdomoni. Kocha aliniambia wazi kuwa nikiifanya vizuri kazi ile hakuna atakayeniona, nami nikafikiri moyoni kwamba basi mama ataipenda.

Alikuja kunitazama mara moja tu. Alikaa na baba kwenye ngazi za uwanja wa shule, abaya yake nyeusi katikati ya makoti ya kila rangi, chupa ya chai mapajani. Siku ile nilicheza kama nimerukwa na akili. Baada ya mchezo nilimuuliza baba, mama kasemaje? Baba alikuna kidevu. "Mama yako hakutazama," alisema. "Kila mlipoinama kuanza, aliinamisha kichwa akaitazama chupa ya chai." Nilidhani baridi ilimzidi. Baadaye nikadhani mengine.

Baba alipomaliza muda wake walirudi Muskat, nami nikabaki, kwa sababu chuo kimoja kilinipa nafasi ya kusoma bure kwa ajili ya ule mpira. Mama alipoulizwa mwanao yuko wapi, alijibu: "Anasoma." Lilikuwa jibu la kweli. Nilisoma kwa jicho moja, jingine likiwa uwanjani, lakini nilisoma na cheti nnacho. Baba alifariki nikiwa chuoni. Nilifika siku mbili baada ya maziko, maana kwetu maiti hangojeshwi, na mama alinipokea mlangoni akaniuliza nimekula. Sikupata hata nafasi ya kulia vizuri. Wageni walikuwa wengi, na kila aliyenitazama aliambiwa safari imenichosha, sina afya.

Marekani timu kubwa haziajiri vijana kimyakimya. Huwachagua hadharani, siku tatu mfululizo, mmoja mmoja, televisheni ikionesha, kijana anapanda jukwaani na kofia ya timu yake mpya, mamake kando anafuta machozi. Mwaka wangu ulipofika nilikaa sebuleni kwa mwenzangu wa chuo, kochi limejaa shangazi zake. Alipoitwa siku ya pili, wale shangazi walimvamia mpaka kochi likaanguka kwa nyuma. Nilicheka nao na nikaumia. Siku ya tatu ikaisha, mimi sikuitwa. Watu walikuwa wameshaanza kukusanya vyombo simu yangu ilipolia: timu moja inasema njoo kambini hivyo hivyo bila kuchaguliwa, ukionekana wa maana utabaki. Nilitoka uani nikampigia mama.

"Mama, nimepata kazi."

"Alhamdulillahi. Kazi gani?"

"Ya mpira. Ile ile, lakini sasa ya wakubwa."

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe upande wa pili.

"Umemwambia nani?"

"Nakwambia wewe wa kwanza."

"Basi usimwambie mtu."

"Mama, hawa wanaoneshwa kwenye televisheni. Ntamficha nani?"

"Hapa hapana anayetazama. We usimwambie mtu, unanisikia?"

Nilimsikia. Na tangu siku ile, kwa Muskat nzima niliendelea kusoma. Nimegongwa katika viwanja vya miji ambayo majina yake nilijifunza ndani ya ndege, na Sib mimi nasoma. Shangazi zangu walikaa kwenye harusi wakanijadili: huyu anasoma nini kisichokwisha? Udaktari wenyewe hauchukui hivyo. Mmoja akatoa hukumu kwamba masikini, kichwa kizito, tumwombee. Dada yangu, ambaye alikuwa ameolewa Ghubra na alikuwa mtu pekee mwingine aliyejua, alinisimulia hayo kwenye simu huku akicheka mpaka akakohoa. Nilicheka naye mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu niliona haichekeshi.

Siku ya mwisho ya kambi kuna mtu huzunguka kwenye makabati ya wachezaji. Hana cheo kikubwa, mpole, anavaa raba safi, na hakuna anayependa kumwona. Anakugusa bega, anakwambia kocha anakutaka, njoo na tableti yako. Mbinu zote za timu zimo ndani ya hiyo tableti. Ukiambiwa uje nayo, umeachwa. Mimi nimeguswa bega katika miji mitatu. Mara ya kwanza nililia chooni na bomba nimelifungulia. Kesho yake wakanirudisha kwa mlango wa nyuma, niwe mchezaji wa mazoezi. Huyo ni mtu ambaye wiki nzima hujifanya adui: unajifunza namna mpinzani wa wiki ile anavyozuia, unamwigiza, wenzako wanajizoeza kukushinda. Ikifika Jumapili, siku ya mchezo wenyewe, unasimama pembeni na nguo zako za kawaida. Nilikuwa adui wa timu yangu mwenyewe msimu mzima, mpaka mwenzangu mmoja akavunjika bega, nami nikaambiwa Jumapili hii vaa.

Asubuhi ile, hotelini, nilimpigia mama. Kwao ilikuwa baada ya alasiri. Sikutaka mengi. Nilitaka radhi yake, neno moja tu, kabla sijakwenda kugongwa mbele ya umma. Simu ililia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilikwenda uwanjani hivyo hivyo, nikajisomea mwenyewe Ayatul Kursi ndani ya ile kofia, na wanaume wawili waliokuwa mbele yangu wakanitazama midomo ikicheza wakadhani nawatukana.

Jumapili iliyofuata ikawa vile vile, na iliyofuata. Siku nyingine zote za wiki mama alipokea kabla simu haijamaliza mlio wa kwanza. Utadhani alikuwa amelala nayo mkononi. Jumapili haikupokelewa kabisa. Nikamuuliza dada, akasema: "Jumapili mama ana wageni wake." Wageni wa kila Jumapili, msimu mzima? Nilijua udhuru nikiusikia. Nikamwambia dada kwamba mama hataki kuisikia kazi yangu, na siku ya kazi ndiyo anaiogopa simu yangu. Dada akasema mama ndivyo alivyo. Nikaacha kupiga Jumapili. Kisha nikaacha kumtajia mpira kabisa, hata siku za katikati ya wiki. Tulizungumza chakula na hali ya hewa, miaka na miaka, kama watu wawili waliokaa pamoja kwenye chumba cha kungojea daktari.

Mara moja tu katika maisha yangu ya uwanjani niliushika mpira. Ulimponyoka mrushaji wao, ukadunda vibaya kama kawaida yake, ukaja kunilalia tumboni kama paka. Nilikimbia nao. Nasema nilikimbia, dada aliniambia nilionekana kama friji inayoshuka ngazi. Waliniangusha karibu na mstari wa mwisho, nikiwa chini nacheka, na uwanja mzima umesimama. Mapumziko ya msimu yalipokuja nilikwenda Muskat, na mchana mmoja, mama akiwa jikoni anachagua mchele, nilimwekea simu mbele ya sinia nikabonyeza ile video. Aliona kofia, aliona rangi. Kabla sijatokea mimi aliufunika uso wa simu kwa ncha ya leso yake.

"Funga," alisema. "Umekula?"

Niliichukua simu yangu. Nasema leo bila kuremba: nilitaka kitu kimoja duniani. Nilitaka mama aseme mbele ya mtu, yeyote, hata mwenye duka wa mtaani, kwamba huyu ni mwanangu na kazi yake ni hii. Hakusema. Nikaamua kwamba ananionea aibu, jitu zima linalogombana kwenye majani kwa ajili ya kokwa ya tende. Uamuzi ule niliubeba kifuani kwa muda mrefu kuliko nilivyopata kubeba watu wawili.

Goti lilikatika katika mji wa tatu. Halikukatika kwa ushujaa. Mwenzangu wa timu yangu mwenyewe aliniangukia kwa nyuma. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Walipomaliza kunipasua nilimpigia mama, na kwa kuwa haikuwa Jumapili, alipokea.

"Mama, goti limekwisha. Wanasema huenda nisicheze tena."

"Alhamdulillahi."

Kila aliyelelewa kama mimi anajua neno lile husemwa nyumba ikiungua na husemwa mtoto akizaliwa. Mimi nililisikia mara moja kwa njia moja. Nikamwambia, "Umefurahi, sio? Sasa nirudi nisome." Nikakata simu. Sikumpigia mpaka Idi, na Idi nilizungumza kama karani.

Nilijaribu kurudi uwanjani. Msimu mmoja mwingine wa kukimbia kwa kuvuta mguu, kambi moja, kisha yule mtu mpole wa raba safi, bega, tableti. Hakuna sherehe. Unapewa mfuko mweusi wa taka wa kutilia vitu vyako, na msafishaji anakufungulia mlango. Nikarudi Sib.

Jamaa walikuja kunipokea. Majlis, sebule ya wageni, ilijaa. "Umemaliza?" "Nimemaliza." "Mashaallah, hatimaye! Umesomea nini?" Nikamtazama mama. Alikuwa anamimina kahawa. "Muacheni," akasema, "kachoka." Na huo mguu? "Kaanguka ngazini, chuoni kwao." Nilikaa pale katika dishdasha, kanzu ya Kiomani, mpya iliyoshonwa kwa vitambaa vya watu wawili, shingo nene kama nguzo, masikio yamevunjika, nikapokea pole za kuanguka ngazini. Mjomba wangu mmoja alinishika mkono akaninong'oneza kwamba elimu haina mwisho na nisivunjike moyo. Nilitaka kumbeba nimtupe nje ya dirisha, pamoja na dirisha lenyewe.

Nilipata kazi ya kusimamia mazoezi ya viungo huko Al Khoudh, vijana wa chuo wanaotaka kifua kabla ya harusi. Niliishi chumba cha juu katika nyumba ya mama. Jumapili baada ya alasiri nilisikia milango ya magari, sauti za wanawake, viatu vikivuliwa kizingitini. Wageni wake, kumbe kweli wapo. Nyumba ikijaa wanawake mwanamume hujiondoa. Nilishuka kwa ngazi za nje, nikaendesha mpaka Al Khoudh nikakaa kwenye mkahawa na chai ya maziwa mpaka magharibi. Sikuuliza wanafanya nini. Wanawake wa umri wa mama wakikutana, nilidhani, ni visheti na kusengenya.

Jioni moja, baridi imeingia na goti limevimba, mama alipanda ngazi, jambo ambalo alikuwa halifanyi tena kwa sababu ya pumzi. Alikuwa na mafuta ya karafuu aliyoyapasha moto kwenye kibakuli. Akakaa chini, akaupandisha mguu wangu mapajani mwake, mguu mzito kuliko yeye mzima, akaanza kuukanda.

"Hapa ndipo?"

"Ndipo."

Akakanda kitambo.

"Walikuwa wangapi waliokuangukia?"

Hakuwahi kuuliza. Maisha yangu yote hakuwahi kuuliza swali lile wala jingine la jamii yake. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuziba kila upenyo, nikauziba.

"Kwani wewe ilikuhusu nini?"

Vidole vyake vilisimama, kisha vikaendelea. Alimaliza, akafuta mikono kwa leso, akachukua kibakuli chake akashuka ngazi, moja moja, akipumzika katikati. Nilimsikia akipumzika. Sikuinuka kumshika mkono, nami nikijua kushika watu ndiyo kazi pekee niliyofundishwa.

Alifariki baada ya msimu ule wa baridi, mchana, akitoka kutia udhu. Maiti hangojeshwi, na safari hii nilikuwepo. Niliingia kaburini kumpokea. Waliokuwa juu waliniambia mwachie mwengine, goti lako, nikawakatalia. Mama alikuwa mwepesi. Nimebeba watu maisha yangu yote, na sikujua mtu anaweza kuwa mwepesi kiasi kile.

Azaa, matanga ya kwetu, ilikuwa siku tatu, wanaume kwenye ukumbi wa mtaa, wanawake nyumbani. Siku ya tatu, watu wamekwisha kutawanyika, dada alinipigia nije kumsindikiza bibi mmoja jirani, wa nyumba ya pembeni karibu na msikiti. Bibi huyu macho yake yameingia ukungu na magoti yake ni mabovu kuliko yangu, na mjukuu wake alikuwa amechelewa. Nilimpa mkono wangu akaushika kwa mikono yake yote miwili. Tukaanza kushuka ngazi za mbele, wachechemeaji wawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Ndo wewe uliyekuwa ukisoma?"

"Ndiye mie."

"Na ulimaliza?"

"Nilimaliza."

"Alhamdulillahi. Allah amrehemu mama yako, kakungoja sana." Tulikwenda hatua chache. "Nna jambo nataka kukuuliza. Dada yako nimemuuliza, hana khabari. Yule msafiri wa mama yako, alifika?"

"Msafiri gani, bibi?"

"Aa, na wewe hujui? Yule tuliyekuwa tukimsomea Yasini. Kila Jumapili, baada ya alasiri, humu humu ndani. Miaka, baba. Mama yako alitukusanya akatwambia nna msafiri wangu, yuko njia ya khatari, na safari zake huwa Jumapili. Nisaidieni tumsomee kabla hajatoka. Hatukumuuliza nani. Nia ya mtu haiulizwi. Mie nilidhani nduguye, labda nahodha."

Nilisimama. Alidhani ni mguu.

"Goti?"

"Goti, bibi."

"Pole. Pumzika, na mie nipumzike." Akaegemea ukuta wa jirani, mikono bado imenishika. "Alikuwa hatwambii mengi, lakini mtu huona. Mwanzo alikuwa na furaha tele, msafiri kapata chombo. Halafu wakamteremsha njiani, masikini, mama yako hakula siku ile. Halafu wakampandisha tena. Na simu ilikuwa ikilia mkobani mwake sisi tukisoma, inalia, inalia. Tunamwambia pokea, mwenzetu, isije ikawa dharura. Anasema siwezi. Nikiisikia sauti yake ntamwambia asende, na yeye kenda kwa moyo wake. Someni."

Nilitazama chini. Viatu vyangu vilikuwa na vumbi la makaburini bado.

"Halafu siku moja kaja kwangu asubuhi, wala si Jumapili. Kaanguka msafiri wangu, anasema, lakini yuhai. Analia na kushukuru, alhamdulillahi, alhamdulillahi, yuhai. Tukasoma ya shukrani, akatupikia maandazi ya iliki. Nikajua basi, yamekwisha. Wapi! Jumapili ya pili tuko pale pale. Na mwaka jana. Na mwaka huu, mpaka juzi Jumapili. Nikamwambia, we mwenzangu, huyu msafiri hafiki tu? Akanambia karudi, lakini hajafika. Sikumfahamu, na wala sikumuuliza."

Mjukuu wake alitokea kwenye kona na gari, akapunguza mwendo. Bibi hakumwona. Alikuwa amenielekezea uso wake wa ukungu, akingoja.

"Basi ndo nakuuliza wewe, mwanamume wa nyumba. Jumapili hii wenzangu watakuja. Tumsomee tena, au alifika?"

"Alifika, bibi."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Akautikisa mkono wangu taratibu, kama anayempa pole mtu asiyehusika.

"Masikini," alisema. "Mama yako kamkosa kidogo tu."